Airbus A320 kwenye lami yenye utelezi: usukani mzuri, breki zenye masharti

Wengi wakiipima A320 huizungumzia ikiwa angani: ulaji wa mafuta, ukimya wa kabini. Hapa tunaipima ikiwa chini, inapotembea kutoka maegesho hadi njia ya kurukia, lami ikiwa imelowa au ina theluji. Kwa kifupi, inatulia ukienda nayo polepole, lakini mifumo yake inakuacha mkono pale hasa unapoihitaji.

Shida kubwa ni breki. Za kaboni zina nguvu ya kutosha, lakini mfumo unaozuia tairi zisijifunge huacha kufanya kazi chini ya nodi 20 (nodi moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa), au chini ya nodi 10 kwenye baadhi ya ndege. Kwenye utelezi Airbus inashauri usizidi nodi 10. Yaani mwendo ulio salama ndio huohuo ambao huna ulinzi; ukikanyaga kwa pupa, tairi hujifunga na ndege inaserereka. Punguza mwendo ukiwa bado umenyooka, achia breki, ndipo ukate kona. Mwendo wenyewe usome kwenye skrini ya ramani, maana ukiwa juu vile macho hukudanganya kuwa unatambaa.

Usukani wa mkono hugeuza magurudumu ya pua hadi nyuzi 75, pedali nyuzi 6 tu. Boeing 737-800 ina 78 na 7, kwa hiyo hapo hakuna wa kumcheka mwenzake. Pua ikiendelea mbele ilhali umeshakata kona, usiongeze kukata, kwa sababu tairi lililopinda kupita kiasi halishiki tena, linaburuzwa tu. Rudisha usukani kidogo hadi lishike, kisha saidia kwa breki ya upande wa ndani ya kona au nguvu ya injini ya nje. Ndiyo maana siku ya utelezi kutembea kwa injini moja ni ubahili usio na faida. Jambo jingine ambalo halitupendezi: amri za usukani wa rubani na za mwenzake hujumlishwa, basi ashike mmoja tu.

Usihangaike na hofu ya tairi kuelea juu ya maji ukiwa kwenye njia ya kiungio, ile inayounganisha maegesho na njia ya kurukia. Kanuni ya zamani inasema mwendo wa kuelea, kwa nodi, ni 9 mara kipeuo cha pili cha shinikizo la tairi kwa psi (pauni kwa inchi ya mraba). Kwa psi 200 ni kama nodi 127. Adui wa mwendo mdogo ni utando mwembamba wa maji juu ya kitu laini: mistari ya rangi, mpira uliobaki pale ndege zinapotua, mafuta yaliyomwagika maegeshoni. Lami yenye chembechembe huutoboa utando huo, rangi haiwezi. Manyunyu ya kwanza baada ya kiangazi yanaweza kuteleza kuliko mvua kubwa iliyokwisha kuosha lami.

Kwenye baridi, kuwasha kinga ya barafu ya injini huongeza nguvu hata injini zikiwa zimepunguzwa kabisa, kwa hiyo ndege itataka kukimbia. Theluji ikiwa majimaji, chelewesha kushusha flapi (vipande vya nyuma ya mabawa vinavyosaidia kupaa) hadi karibu na njia ya kurukia, zisirushiwe uchafu.

Swichi ya A/SKID & N/W STRG, inayowasha na kuzima kinga ya tairi kujifunga pamoja na usukani wa pua, nayo ina lawama yake. Breki zikikataa kabisa, utaratibu ni rivasi (msukumo wa injini ulioelekezwa mbele kupunguza mwendo) ya juu kabisa, achia pedali, zima swichi hiyo, kisha kanyaga tena bila kuzidi psi 1,000. Kuizima kunaondoa pia usukani wa pua. Kwa nini viwili hivyo vikafungwa pamoja, waulizwe wahandisi. Breki ya maegesho ni ya mwisho, kwa mivuto mifupi mifupi. Siku za kawaida ivute ndege ikiwa imesimama kabisa, kwa kuwa inazima njia nyingine zote za breki na kufunga magurudumu yote manne makubwa kwa mara moja.