BMW 1602 ya Umeme ya 1972: Ilifaa Kazi Gani Hasa?

Habari zenu wapenzi wa magari! Leo sina gari jipya. Hili mnaloliona kwenye skrini, la rangi ya chungwa, ni BMW 1602 ya umeme ya mwaka 1972. Yalitengenezwa mawili tu ya majaribio, hayakuingia sokoni, kwa hiyo msiniulize bei kwenye komenti.

Yalipelekwa Olimpiki ya Munich, ile ile ambayo John Akii-Bua wa Uganda alivunja rekodi ya dunia ya mita 400 kuruka viunzi. Kazi ikawa kuwasindikiza wakimbiaji wa masafa marefu na kubeba kamera. Nani anataka kuvuta moshi wa eksozi kilomita 42?

Tufungue boneti. Injini hamna. Kuna betri 12 za Varta, zile za asidi za kuwashia gari, zimefungwa pamoja, kilo 350! Mota ya Bosch imekaa pale ilipokuwa giaboksi. Kilowati 32, kama farasi 43 hivi. Sifuri hadi kilomita 50 kwa saa, sekunde 8. Spidi ya mwisho, 100. Na ukipunguza mwendo, mota inageuka jenereta, inarudisha chaji kidogo. Mwaka 1972, jamani.

Sasa udhaifu. Mzigo wote ule wa betri unabeba umeme wa kilowati-saa 12.6 tu. Ukitembea kwa spidi ya 50 bila kusimama, unapata kilomita 60. Ukiingia mjini, simama-ondoka, zinabaki 30. Mbezi Mwisho hadi Posta utafika, kurudi tafuta wa kukusukuma.

Lakini tuwe waungwana. Frank Shorter alishinda marathoni ile kwa saa 2 na dakika 12, yaani kilomita 19 hivi kwa saa. Mwendo wa pole, hakuna foleni. Hapo gari linatosha kabisa.

Kilichonikuna zaidi ni hiki: betri zote zinatolewa kwa mkupuo, zinawekwa nyingine zilizojaa. Ndivyo zinavyofanya bodaboda za umeme za Nairobi na Kigali leo, maana dereva hana muda wa kusubiri chaji. Ila betri ya boda unainyanyua kwa mkono, hii inataka mashine.

Maksi zangu? Gari la kununua, mbili kwa kumi. Gari la kazi ile, tisa. Moja nimeikata kwa zile kilo 350.