Deutschlandticket kiangazi hiki: uzoefu wetu Hamburg

Kwenye kundi la familia swali ni lile lile kila wiki: picha zote hizo za ufukweni, hela mnatoa wapi? Jibu ni tiketi ya mwezi, Deutschlandticket. Naieleza vizuri leo, maana najua wapo na vijana wengine wanaojiandaa kuja huku.

Ukiwa nayo unapanda basi, tramu, treni za mjini na treni za mikoa Ujerumani nzima, daraja la pili. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda hadi 58 mwaka 2025, na tangu Januari 2026 ni 63. Kwa sisi wawili ni 126 kila mwezi, na mimi bado nasoma, kwa hiyo si hela ndogo. Ila kiangazi inalipa, tena sana.

Tunachokifaidi zaidi ni pantoni. Hapa Hamburg vyombo vya abiria vya mtoni vimo kwenye tiketi hiyo hiyo. Mume wangu akitoka kazini tunakutana Landungsbrücken, tunapanda namba 62 inayokwenda Finkenwerder. Mtoto wa Kigamboni yule, lazima asimame juu kwenye upepo aangalie meli za makontena. Tunashuka Neumühlen, kwenye mchanga kandokando ya mto Elbe, tunatandika mkeka, tunafungua chapati na kuku wetu. Meli kubwa ikipita, kwanza maji yanavutwa kuelekea kati, mchanga unabaki wazi. Kisha mawimbi yanarudi kwa nguvu, na mgeni aliyeacha viatu karibu anavikuta vimelowa. Hapo ni saa mbili usiku na jua bado linawaka! Mwezi wa sita Magharibi inaingia karibu saa nne, basi hata siku ya kazi tunapata muda wa kukaa pamoja, kuongea, kuwapigia nyinyi simu. Ndani hakukaliki. Nyumba zimejengwa kwa ajili ya baridi, zinashika joto, na sisi tuna feni tu.

Jumamosi tunapenda Travemünde. Treni hadi Lübeck, unabadilisha, unashuka Travemünde Strand na Bahari ya Baltiki iko hatua chache tu. Maji baridi hata mwezi wa saba, tusidanganyane.

Kasoro zipo. Wikendi yenye jua treni hujaa mpaka watu wanakaa sakafuni, na zikichelewa unaikosa ya kuunganisha, unabaki kituoni na mizigo yako. Hili linaniudhi kwa kweli. Baiskeli inataka tiketi yake. Treni za masafa marefu kama ICE hazimo, na ukikamatwa huna tiketi halali, faini huanzia euro 60. Wala humwazimi mtu: ina jina lako, mkaguzi anaweza kutaka kitambulisho.

Mama, ukija Julai tutakukatia yako. Inajirudia kila mwezi mpaka uisitishe, kwa hiyo tutaisitisha mapema, isizidi tarehe 10 Julai, ili Agosti wasikate tena hela. Paspoti utembee nayo. Na tafadhali ubebe ule mkeka mkubwa wa ukili, huu wetu ni wa watu wawili.