London na New York: kwenda saa 8, kurudi saa 7

Umbali ni uleule, kilomita kama 5,540, lakini saa za angani hazilingani. Kuelekea New York ndege hutumia takriban saa 8. Kurudi London, karibu 7. Sababu ni upepo mkali unaovuma juu sana kutoka magharibi kwenda mashariki, ambao majira ya baridi huzidi nguvu. Ukienda unakukabili, ukirudi unakusukuma.

Hata hivyo, mimi naipenda ile safari ndefu. Ukiondoka London saa 5 asubuhi unatua saa 8 mchana kwa saa za New York, maana saa zao ziko nyuma kwa 5. Jua linakufuata njia nzima.

Kurudi ndiko kunakochosha. Unaondoka saa 3 usiku, chakula kinaletwa, taa zinazimwa, na ndiyo kwanza usingizi umekolea, taa zinawashwa tena: London ni asubuhi, mwilini mwako bado usiku wa manane. Zipo ndege chache zinazoondoka New York asubuhi na kufika jioni. Ukiipata, ichukue.