Kipimapembe cha chuma chenye mkono, baada ya miezi minne

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Chang'ombe, Dodoma. Kipimapembe hiki nilikinunua Majengo kwa shilingi 15,000: nusu duara ya chuma, mkono unaozunguka, na nati ya kuukaza.

Kwa miaka mingi nilikata kona za fremu kwa jicho na skwea. Digrii moja (shuleni tuliziita nyuzi) niliiona si kitu. Duara zima lina 360, moja ikipotea nani ataona? Mteja ataona. Fremu ya kioo ina kona nne, na kila kona ina mikato miwili ya digrii 45. Ukikosea digrii moja kila mkato, na kosa likawa la upande uleule, mara nane ni digrii nane. Kona tatu zinafunga vizuri, ya nne inabaki wazi. Niliwahi kuziba mwanya wa namna hiyo kwa gundi na unga wa mbao. Mpaka leo unaniuma, maana ulikuwa mninga safi.

Namba zimechongwa kwenye chuma, hazifutiki, na vumbi likiziingia zinasomeka zaidi. Ila ziko safu mbili, moja inaanzia kulia, nyingine kushoto. Kijana ninayemfundisha tulikuwa tunatengeneza meza ya pembe sita, akasoma 120 badala ya 60, ubao ukaenda. Sasa kabla hajasoma namba namwambia aitazame pembe yenyewe. Kama imebana kuliko kona ya skwea, haiwezi kuzidi 90. Alidhani pia ubao mpana unataka digrii nyingi zaidi. Nikamwekea wa inchi mbili na wa inchi sita, mkono haujaguswa: 45 ni ileile. Kinachopimwa ni kiasi mkono ulivyozunguka.

Kasoro yake ni nati. Ukikata mbao kama kumi hivi, imelegea na mkono umesogea bila wewe kujua. Nimekata kipande cha tyubu ya baiskeli nikakiweka chini yake, imetulia. Nusu digrii pia huisomi, lakini kwa kenchi za paa sijaihitaji.

Ningekinunua tena. Ukienda dukani, kaza nati kisha usukume mkono kwa kidole gumba kabla hujatoa hela. Ukisogea, omba kingine.