DVD zako za filamu: ununue mpya au unakili kwanza?

DVD ya harusi ya dada yangu ilikaa miaka mingi juu ya televisheni, nyumbani kwetu Umoja, jua la alasiri likiipiga. Tulipoiweka juzi, picha iliganda bibi yetu akiinuka kutoa baraka. Bibi hatunaye tena, na DVD ile hakuna duka linaloiuza.

Ndiyo maana chaguo langu la kwanza ni kunakili kwenye hard disk ya nje, kile kifaa cha kuhifadhia unachochomeka kwenye kompyuta, wala si DVD mpya. DVD ya filamu kwa kawaida haizidi GB 8.5, hivyo hard disk ya TB 1 (GB 1,000) hubeba zaidi ya mia moja. Anza na zilizochomwa kwa kompyuta, ambazo nyingi chini zina rangi ya zambarau. Picha zimeandikwa kwenye hiyo rangi, nayo huchujuka kwa jua na joto. Za kiwandani hutumia alumini na hudumu zaidi, ila gundi ikiachia na hewa ikapenya, alumini huoza. Zimulike kwa taa: ukiona vitundu vinavyopitisha mwanga au ukungu pembeni, nakili leo. Nyingine huoza bila dalili, kwa hiyo cheza filamu hadi kupita katikati. Mwaka 2025 Warner Bros. ilikiri kwamba baadhi ya DVD zake zilizotengenezwa 2006 hadi 2008 zina kasoro. Ukiwa nazo, zitangulize. Weka nakala mbili, moja kwa ndugu, maana hard disk nayo hufa.

Pili, kwa filamu unayoipenda kweli na imeshaanza kukwama, nunua Blu-ray, diski iliyokuja baada ya DVD. Ina gamba gumu na picha safi, ingawa utahitaji deki yake. Diski nyingi hufungiwa kanda, yaani eneo la dunia, na deki husoma za kanda yake. Kwa Blu-ray, Kenya iko kanda B pamoja na Uingereza, kwa hiyo za huko zitacheza. DVD ni tofauti: Uingereza ni kanda 2, sisi ni 5. Muulize muuzaji kabla ya kulipa.

DVD iliyotumika naiweka ya tatu. Ikiwa imetoka kiwanda kile kile mwaka ule ule, huenda ina ugonjwa ule ule. Kwenye maduka ya barabara ya Luthuli, Nairobi, omba ichezwe dukani, nusu ya pili pia.

Kuchoma upya kwenye DVD tupu ni kurudi kwenye rangi ile ile inayochujuka, usipoteze pesa. Za kutazama mtandaoni siziiti ununuzi, kwani mkataba wa mtandao huo na wenye filamu ukiisha, filamu huondolewa.

Zilizo nzima zisimamishe kwenye makasha yake, ndani ya kabati, mbali na dirisha.