Fowili gani ya kununua hapa Malindi: naanza na ile inayovumilia lami na mchanga siku moja

Dabokebini ya kwanza nilionunua ilikuwa inang'aa, nikaipeleka mchangani Mambrui kuijaribu ikatoka vizuri, nikalipa. Wiki ya pili natoka Gongoni narudi mjini, nimefika kwenye lami nikarudisha 2H, yaani nyuma tu ndo ivute, na taa ya fowili, ya kuvuta magurudumu yote manne, haikuzima, nikasema labda waya. Kufika kona ya kuingia mtaani gari ikawa nzito kama kuna mtu ameikanyagia breki, usukani unagoma, alafu kishindo huko chini. Fundi aliposhusha transfa, ile boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma, akanionyesha cheni imelegea mpaka imelamba kava kwa ndani, akaniambia, "Ami, hii gari imetembezwa fowili kwa lami, tena si siku moja." Nikampigia alieniuzia. Akasema kweli, kila akienda Mombasa na mvua inanyesha alikuwa anaingiza fowili ndo gari ishike barabara, na hapo ni kilomita kama 120 kwenda tu, bado kurudi. Hakuwa na nia mbaya, hakuna aliewahi kumwambia. Ndo maana nakuandikia wewe kabla hujatoa pesa yako.

Iko hivi. Ukikata kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Sasa gari ya pat-taim, yaani ile yenye 2H, 4H (manne yote, mwendo wa kawaida) na 4L (manne yote, gia nzito) basi, ukiingiza 4H transfa inazifunga propela, zile shafti ndefu za chini, ya mbele na ya nyuma zizunguke kama kitu kimoja, hakuna difu ya kati (meno ya kuruhusu mbele na nyuma zipishane mwendo) ya kumaliza ile tofauti. Mchangani haina neno manake tairi inateleza kidogo na ule msokoto unatoka. Kwenye lami tairi imeshika, haitelezi, kwa hivo msokoto unabaki ndani ya shafti, kwenye cheni, kwenye meno ya transfa, kwenye viungo vya propela, unajikusanya kona baada ya kona mpaka kile kilicho dhaifu kipasuke. Na lami ilionyeshewa bado ni lami, hapo ndo wengi wanapotea.

Sasa angalia barabara zetu. Toka mjini mpaka daraja la Sabaki uko kwenye lami, Mambrui lami, ukikunja kulia kuelekea baharini mchanga mtupu, ukiingia ndani upande wa Marafa wakati wa masika ni utelezi wa kukupeleka mtaroni, alafu unarudi tena kwenye lami. Mara tano sita kwa siku. Dereva mwenyewe akichoka atasahau, na gari ya nyumbani haina dereva mmoja, leo uko nayo wewe, kesho shemeji, keshokutwa kijana wa shamba. Kwa hivo mimi sizipangi kwa nguvu ya injini wala urefu kutoka chini, nazipanga kwa vile gari inavyomvumilia mtu aliesahau, alafu ndo naangalia mchanga na spea.

Namba moja kwangu ni Toyota Land Cruiser Prado, ile 120 ya 2002 mpaka 2009 au 150 ilioanza 2009. Hizi ni ful-taim, zina difu ya kati, magurudumu yote manne yanavuta wakati wote na lami haizidhuru. Ukiangalia ndani utajua manake huoni 2H popote. Una H ya kawaida, una L ya gia nzito, na una loki ya difu ya kati. Hio loki ndo kitu cha pekee cha kumfundisha kila atakaeshika funguo: ukiifunga, Prado inakuwa sawasawa na pat-taim, kwa hivo ni ya mchangani na topeni tu, na dashibodi kuna taa inakwambia imefungwa. Ikiwaka ukiwa kwenye lami, toa. Bei iko juu, mafuta inakunywa, lakini spea utapata na fundi wa kuijua hutamtafuta mbali. Defender ya zamani nayo ni ful-taim yenye loki ya kati, na anaeipenda simkatazi, ila kwa gari ya familia nzima bado nasema Prado.

Namba mbili ni Mitsubishi Pajero yenye Super Select, na kusema kweli kwa mfumo wenyewe tu ningeiweka ya kwanza. Ina 2H ya lami kavu, ina 4H inayopitia difu ya kati kwa hivo mvua ikikukuta Gede unaingiza gari ikiwa inatembea, chini ya kilomita 100 kwa saa, na huharibu kitu. Alafu kuna 4HLc na 4LLc, hizo herufi mbili za mwisho maana yake difu ya kati imefungwa, usizilete kwenye lami. Kwenye orodha hii hakuna namba nyengine yenye gia nzito inayokupa hivo vyote viwili, uchumi wa 2H na usalama wa 4H ya lami. Kilichoishusha ni kwamba Pajero iliacha kutengenezwa 2021, kwa hivo nyingi utakazoonyeshwa ni za mkononi zilizotembea sana hapa hapa nchini, unanunua historia ya mwenye gari zaidi ya gari yenyewe. Na usidanganywe na jina la Mitsubishi peke yake. L200 na Pajero Sport ziko zenye Super Select na ziko zenye Easy Select, na Easy Select ni pat-taim ya kawaida kabisa, 2H, 4H, 4L. Soma alama za gia ndogo, ile ya kuingiza fowili, kabla ya kusikiliza maneno ya broka.

Namba tatu naziweka pikapu za pat-taim, Hilux na wenzake, na Land Cruiser zile ngumu za 70. Hapa nitakaa kidogo manake ndo gari za kazi, ndo zinazouzwa sana na ndo zinazoharibiwa sana.

Chuma chake ni kizuri, rahisi kurekebisha, mzigo inabeba. Lakini inataka dereva mwenye adabu. Lami ni 2H, siku zote, kavu ama mbichi. Ukiona mchanga mbele ingiza 4H kabla hujaukanyaga, usukani ukiwa umenyooka, mguu umeutoa kwenye mafuta. Kosa baya kuliko yote ni kungoja mpaka umezama, magurudumu ya nyuma yanazunguka bure yanatupa mchanga, alafu ndo unavuta fowili. Hapo propela moja inaruka na nyengine imesimama, unazigonganisha meno kwa nguvu. Simama kwanza, magurudumu yatulie, ndo uingize. 4L nayo unasimamisha gari ama inajikokota tu, gia boksi kwenye nyutro, unaingiza, na ukishaingiza ni mwendo wa pole wa kutoka kwenye mchanga mzito au kupanda kilima kibaya. Sio ya kusafiria. Loki ya difu ya nyuma, kama gari inayo, ni ya kujitoa ulipokwama, unaenda nayo moja kwa moja mbele, ukishatoka unaizima kabla ya kukunja.

Land Cruiser 70 yenye habu za mkono, vile vifungo vya katikati ya magurudumu ya mbele, inaongeza kazi moja, kushuka na kuzungusha habu za mbele kutoka FREE kwenda LOCK, zote mbili. Ukiacha habu LOCK na gari iko 2H haiharibiki, mafuta yataenda zaidi kidogo basi. Lakini habu moja LOCK na nyengine FREE, hapo fowili ya mbele huna.

Na kama fowili imegoma kutoka ukishafika lami, usiivute gia ndogo kwa mabavu. Rudi nyuma mita chache gari ikiwa imenyooka, ule msokoto unajifungua, mara nyingi taa inazima yenyewe. Ile siku ya Gongoni mimi sikulijua hili.

Kabla hujalipia Hilux hakikisha ni fowili kweli, kuna zilizosimama juu vile vile na nyuma tu ndo inavuta. Chungulia chini uone propela inayoenda mbele.

Namba nne Suzuki Jimny. Ni pat-taim pia, masharti yote ya hapo juu yanaihusu, lakini mchangani uwepesi wake unafanya kazi ambayo nguvu haifanyi, inapita juu pale Prado inachimba. Kama uko peke yako ama na mtu mmoja na kazi yako ni ufukweni Mambrui mpaka Ngomeni, ichukue hii na uniache mimi na namba zangu, kwako ni namba moja. Nimeishusha kwa sababu ya familia na mzigo, na ukienda Mombasa nayo utachoka. Ile ya umbo la mviringo ilioanza 1998 habu zake za mbele zinafungwa kwa mvuto wa hewa kupitia vipaipu vyembamba, vikipasuka unaingiza 4H na mbele hakuvuti, kwa hivo ijaribu mchangani, usiridhike na taa ya dashibodi.

Namba tano, na hizi ndo zimejaa mjini, ni Subaru Forester na Nissan X-Trail. Kwa lami, kwa mvua, kwa barabara ya vumbi kwenda Arabuko-Sokoke ni gari nzuri sana na hazina wasiwasi wa kusahau, kazi ya kugawanya nguvu inafanyika yenyewe. X-Trail ina swichi ya 2WD, AUTO na LOCK, wewe iache AUTO, LOCK ni ya mwendo wa pole kwenye utelezi. Lakini hizi Forester na X-Trail tunazouziwa hapa hazina gia nzito ya L, na klachi zinazopeleka nguvu upande wa pili zinashika moto ukizilazimisha kwenye mchanga mzito. Gari ikianza kulegea mchangani, acha ipoe.

Forester ina sumu yake nyengine ambayo huku kwetu haisemwi: tairi. Magurudumu manne yanatakiwa yawe ya saizi moja na yaliolika sawa, tofauti ya mzunguko isizidi milimita 6 hivi. Ukiweka mbili mpya mbele na mbili vipara nyuma, ile difu ama klachi ya kati inafanya kazi bila kupumzika kutoka hapa mpaka Kilifi, na siku moja ukikunja kona polepole utaisikia inabana. Na ikikuharibikia Watamu usikubali ivutwe na magurudumu mawili yakiwa chini, tafuta brekidauni ya kuibeba nzima.

Sasa umeshachagua, uko mbele ya gari. Anza na tairi, zisome moja moja, jina na namba. Alafu mwambie muuzaji twende kwenye mchanga, na muuzaji wa gari ya fowili akikataa mchanga mimi naondoka. Ingiza 4H, tembea, kata kona, rudi nyuma, toa, uone taa imezima kwa muda gani. Jaribu L, na gia ndogo ikiwa ngumu kama haijaguswa miaka, basi haijaguswa. Toyota wenyewe wanashauri fowili ya pat-taim itembezwe kama kilomita 16 kila mwezi ili oili ifike mbele, uliza ndugu yule mara ya mwisho aliingiza lini.

Rudi kwenye lami, 2H kama inayo, endesha polepole, achilia mafuta na kukanyaga tena. Kile kishindo cha tok, tok chini ya kiti ni propela ama transfa inakusalimia.

Alafu ingia chini na tochi. Gari iliofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi Gongoni na Marereni, ama iliozoea kukimbizwa ufukweni, inaliwa na kutu kuanzia chesisi, na rangi mpya nyeusi huko chini nataka uikwaruze. Mwombe fundi wako, sio wa muuzaji, afungue nati ya oili ya transfa na ya difu zote mbili. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa maji yameingia. Ikiwa na vumbi la chuma linalong'aa unalishika kidoleni, hio ndo gari yangu ya kwanza.

Ukiridhika na ukinunua, siku hio hio mwaga oili ya transfa na difu utie mpya, manake hujui ya mwanzo iliwekwa lini. Nunua pampu ndogo ya upepo na kipimo cha presha, mchangani unashusha tairi mpaka psi 18 hivi, na unajaza kabla hujapanda lami. Na kama gari yako ni ya pat-taim, pale karibu na usukani bandika kikaratasi kwa Kiswahili kikubwa, LAMI NI 2H, shemeji asome.