Kamusi ya kidijitali mbele ya neno "tafsiri": tathmini ya mtumiaji

Kwa miezi minne nimekuwa nikitumia kamusi moja ya kidijitali ya Kiswahili ambayo, pamoja na maana ya kila neno, huahidi kueleza asili yake. Kwa kuwa kazi yangu ni kufasiri matini, niliamua kuipima kwa neno lililobeba kazi yenyewe, yaani tafsiri.

Kidahizo chake, yaani neno hilo pamoja na maelezo yake katika kamusi, ni kifupi: nomino ya ngeli ya I-ZI, maana yake ni kuhamisha ujumbe kutoka lugha moja hadi nyingine, asili yake Kiarabu. Hakuna lililokosewa hapo, ila kilichoachwa ndicho hasa msomaji alichokuja kukitafuta. Mwarabu akitaka kuitaja kazi ya kuhamisha matini baina ya lugha mbili husema tarjama. Tafsir kwake ni ufafanuzi, hasa ufafanuzi wa aya za Qurani, na kitenzi fassara ni kubainisha jambo hadi likaeleweka. Kiswahili kimelibebesha neno hilo kazi zote mbili. Ndiyo maana tunasema tafsiri ya ndoto, ilhali ndoto haina lugha ya pili. Wanasheria hubishania tafsiri ya kifungu kilichoandikwa kwa lugha wanayoijua wote. Na mtu anaweza kukuomba umtafsirie beti za utenzi wa kale ingawa nyote wawili mmekulia katika Kiswahili hichohicho. Kamusi inapotaja maana moja tu, mwanafunzi huyaona matumizi haya kuwa ya pembeni, hali ya kuwa ndiyo yaliyo karibu zaidi na shina la neno.

Kidahizo cha tarjumi, neno la Kiswahili la shina moja na tarjama, kwa upande mwingine, kimeandikwa kwa uangalifu mkubwa, nami nilikisoma mara tatu kwa furaha. Kinaonyesha kwamba neno hili ni la kale kuliko Kiarabu chenyewe, kwa kuwa Waakadi, watu wa kale wa Mesopotamia, walimwita mkalimani targumannu, na kutoka katika ukoo huohuo Kiaramu kina targum, jina ambalo Wayahudi waliyapa matoleo ya Kiaramu ya maandiko yao ya Kiebrania. Wazungu nao walilipokea kwa umbo la dragoman, wakiwaita hivyo wakalimani wa dola ya Osmania. Mwandishi wa kidahizo hiki angeazimwa walau kwa siku moja akakitengeneze kile cha tafsiri.

Ipo pia sehemu ya ulinganisho na lugha nyingine, ambayo naiona kuwa hazina ya kamusi hii. Kilatini translatio kilimaanisha kuhamisha kitu kwa kukibeba, na Kanisa lilikitumia hata kwa kuhamisha mifupa ya watakatifu kutoka kaburi moja hadi jingine. Kijerumani übersetzen, yaani kutafsiri, mkazo ukihamishiwa kwenye silabi ya kwanza, huwa ni kuvusha watu mtoni kwa chombo. Lugha hizo zinaifikiria kazi yetu kama uchukuzi: kuna ng'ambo mbili, na kuna mzigo. Sisi, kwa kuchagua tafsiri badala ya tarjumi kuwa neno la kila siku, tumeifikiria kama kufumbua. Tofauti hii si ndogo kwa mtu ambaye kila asubuhi huamua kama atafuata maneno ya matini au maana yake, na inasikitisha kwamba kamusi imeweka ushahidi wote mezani bila kusema lolote juu yake.

Upungufu mwingine umo katika majina ya watendaji. Mfasiri, mtafsiri na mkalimani yameorodheshwa kama visawe, ilhali katika taaluma mfasiri hushughulika na maandishi na mkalimani hushughulika na mazungumzo. Mwajiri akiifuata kamusi hii anaweza kumwita mtu asiye wa kazi anayoihitaji.

Kwa mengineyo, programu inafunguka upesi, inafanya kazi bila intaneti na matamshi yake yanasikika vizuri. Nitaendelea kuitumia. Nimewaandikia watengenezaji kuwaomba wakigawe kidahizo cha tafsiri katika maana mbili zenye namba, ufafanuzi ukitangulia, kila moja ikiwa na mifano yake. Kwa sasa, anayeanza kujifunza taaluma hii akiifungua kamusi hii, ningemshauri asome kwanza tarjumi, kisha ulinganisho, ndipo arudi kwenye tafsiri.